Kidole cha Mguu, Ukuta wa Kusini

Nimepewa ndoo, mswaki wa meno, na ukuta wa kusini.
"Jiwe hili lina miaka elfu," kasema mhandisi Khare,
"lisugue kama unavyomsugua mtoto mgongo."
Sijazaa. Lakini nimeelewa.

Siku ya kwanza niliosha tembo.
Siku ya pili wapanda farasi,
ndevu zao zimejaa kinyesi cha popo.
Siku ya tatu jukwaa la mianzi likanifikisha kwao,
nikavuta upindo wa sari usoni
kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila hodi.

Hawakushtuka.
Mwanamke kamkwea mwanamume kama mmea ukweavyo nguzo,
mguu mmoja chini, mmoja umezunguka kiuno,
na kati ya vinywa vyao nafasi ya punje moja ya dengu.
Pembeni wajakazi wawili.
Mmoja kajifunika macho kwa kiganja.
Mwenzake naye kajifunika, ila vidole kaviachanisha.
Nikacheka hadi mianzi ikalia.

Chini, Bwana Dwivedi anawaelezea wageni.
Asubuhi: sanamu hizi hufukuza radi.
Adhuhuri: hapa nafsi inakutana na Mungu, msitazame miili.
Jioni, kwa vijana wa chuo, kwa sauti ya chini:
hii ilikuwa shule, mfalme alitaka watu wazaane.
Ulimi hauna mfupa, na bahashishi ina uzito wake.
Wote wanainua shingo, wote wanapiga picha.
Hakuna anayemwuliza mwenye mswaki.

Mimi na Halke
tulikuwa na chumba kimoja na pazia la gunia,
na nyuma ya pazia, mama yake akikohoa.
Miaka kumi na minane tulipendana kwa kunyamaza,
gizani, mbio mbio, kama wezi wa mahindi.
Mgongo wake sikuuona kwenye mwanga
hadi vumbi la machimbo lilipomjaa kifuani,
nikawa namkanda kwa mafuta ya haradali mchana kweupe,
mlango wazi,
na mama mtu akaona ni sawa,
kwa kuwa sasa yalikuwa maradhi.

Jana nilifika miguuni.
Nikatoa kuvu, nikatoa nyumba ya nyigu,
nikatoa masizi ya uvumba wa karne sijui ngapi.
Ule mguu uliozunguka kiuno,
upande wake unaotazama ukuta:
kidole gumba kimejikunja.
Na vingine vinne vimekifuata,
kama kifauwongo kikiguswa.

Kutoka chini hakionekani.
Nilishuka kuhakikisha. Nikasimama anaposimama Dwivedi,
nikaenda kwa mlinzi, nikarudi nyuma hadi kwenye mti wa mahuwa.
Hakionekani.
Mfalme aliyelipa hakukiona.
Kuhani hakukiona.
Hata radi, kama kweli ilifukuzwa, ilifukuzwa na kingine.

Basi alimchongea nani?
Mtu yule, ambaye jina lake limelambwa na mvua,
alichutama hapa nilipochutama, mapaja yakimuuma,
vumbi lile lile kwenye kope.
Hili hakufundishwa na kuhani.
Kuna mguu aliouona kwake,
usiku ambao taa haikuzimwa.

"Kuna jipya huko juu?" aliuliza Khare.
"Nyigu tu, bwana."

Sikukisugua tena. Nilikimwagia maji kwa kiganja,
kidogo kidogo, nikakiacha kikauke chenyewe.

Kisha nikapokea rupia zangu, nikasaini kwa dole gumba,
nikashika njia ya nyumbani.
Mama yake Halke angali hai, bado anakohoa,
bado ataniuliza mbona nimechelewa.
Penye kisima nikasimama, nikatazama chini:
ndani ya kandambili, bila kuniuliza mimi mwenyewe,
vidole vyangu vilikuwa vimeung'ang'ania mpira.